Jina Lililokatazwa Gazetini

Mwezi uliopita nilirudisha kitambulisho changu cha mahakama. Karani kijana alikipokea, akakikata kwa mkasi palepale kaunta, mkasi ukapita katikati ya uso wangu, kisha akanitakia mapumziko mema. Ndivyo kazi ya ukalimani inavyokwisha, wenzangu. Mmeniomba niwaandikie machache kabla sijasahau, nami nitaandika, lakini msitarajie habari za vyeo. Tulikuwa na vyeo viwili tu: mkalimani aliyefika na mkalimani aliyechelewa.

Nilianza miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilizunguka mahakama za watoto pande zote za mto, jijini Washington, Maryland na Virginia, na sitasema jambo nitakalosimulia lilitokea wapi kati ya hizo. Majina nimeyabadilisha. Msichana mwenyewe, ambaye leo ni mtu mzima mwenye watoto, nilimwomba ruhusa akanipa, akasema niandike yote isipokuwa jina la shule.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa gauni la kanisani na manukato. Aliyenipokea ni Clarence, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukikomaza Morogoro, alikofundisha hesabu. Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililopigwa pasi. Alininusa, akasita, akaniambia kwa upole mkubwa, "Dada, na hayo manukato utamnong'onezea mtu sikioni asubuhi nzima. Atakiri hata asichokifanya."

Alinipeleka chooni nikanawe shingo. Kisha akanifundisha kazi yote tukiwa tumesimama koridoni. Viatu viwe bapa, kwa sababu utasimama. Peremende mfukoni, kwa sababu koo hukauka. Kalamu mbili. Mtu akisema "mimi", nawe sema "mimi"; usiseme "anasema kwamba yeye". Usiongeze, usipunguze, usilainishe tusi. Na mama wa mtoto akikushukuru mkitoka, rudi ukajiulize ulikosea wapi.

Nilidhani ananitania. Saa ileile nikajisikia nikitamka, kwa sauti yangu ya kwaya, kwamba nilivunja dirisha la jirani kwa makusudi na kwamba sijuti. Nilitaka kumgeukia jaji nimwambie si mimi.

Hakuna aliyekuwa amenitayarisha kwa ule mlio. Kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa nilisikia kitu kikiburuzwa sakafuni, nikadhani fundi anahamisha vifaa vyake. Akaingia mtoto wa miaka kumi na mitatu, mnyororo miguuni juu ya raba zilizotolewa kamba. Alikuwa anapiga miayo. Ile miayo ndiyo iliyonishinda. Nilishika ukingo wa meza, Clarence akanikanyaga kidole cha mguu taratibu, nikaendelea.

Kilichofuata kunishtua kilikuwa kimya. Vyumba vile havikuwa na viti vya watazamaji. Mtoto aliitwa kwa herufi za mwanzo za majina yake, na mlinzi alisimama mlangoni kuwazuia hata mashangazi. Kwetu kesi ni ya watu wote. Hata anayepita kwenda dukani ana maoni. Hapa kulikuwa na jaji, mawakili, karani, mzazi, mtoto, nami nikinong'ona. Waandishi wa habari waliweza kuingia kwa sharti moja, ambalo jaji alilisoma kila mara kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa: wasiandike jina la mtoto, wala jambo lolote litakalomfanya atambulike. Aliyevunja hakuruhusiwa kurudi. Clarence alinieleza sababu yake. Mtu mzima akianguka, alisema, anaanguka na jina alilolijenga mwenyewe. Mtoto anaanguka na jina ambalo bado hajalitumia.

Na watoto wale hawakunihitaji hata kidogo. Kiingereza walikuwa nacho, cha mitaani na cha darasani. Walionihitaji ni wazazi. Baba wa Kikongo, aliyemwita jaji "mama juge" na wakili "avoka", alikaa akinitegea sikio nimwambie mwanawe amejibu nini. Mama wa Nairobi alifika akihema, akataka kujua ni makarao wangapi walimshika kijana wake. Mtoto husema kwa Kiingereza, mama yake aliyemzaa yuko umbali wa kiti kimoja, na maneno yanazunguka kupitia kwa mgeni ndipo yafike. Miaka yote ile sikuizoea njia hiyo. Nanyi msiizoee.

Nije sasa kwa Eufrasia.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Asubuhi moja ya baridi kali, yeye na wenzake wawili walikuta gari limeachwa linaunguruma nje ya duka, mwenyewe ameingia ndani huku injini ikipata joto. Mnajua watu wa huku wanavyofanya. Wakaingia, Eufrasia akashika usukani. Mitaa michache mbele alimgonga mzee mmoja aliyekuwa akivuka, akamvunja nyonga. Wenzake walifungua milango wakakimbia. Yeye aliketi kando ya yule mzee, akavua koti lake akamfunika, polisi wakamkuta hapo.

Mama yake alisafisha vyumba katika hoteli. Alikuja mahakamani na sare ya kazi, mikono ikinuka dawa ya kufulia, na Kiingereza chake kilitosha taulo, shuka na samahani. Mumewe alikuwa amefariki. Kwenye karatasi za mahakama mama huyu aliitwa Apolonia. Nilimfahamu kwa mbali, kama tulivyofahamiana wote, kutoka ibada ya Kiswahili iliyofanyika Jumapili moja ya kila mwezi kwenye kanisa la kuazima huko Landover. Nililitaja hilo kwa jaji, kama inavyotakiwa, mawakili wakasema hawana pingamizi, maana mkalimani mwingine hakuwapo. Eufrasia alikuwa akisoma somo la kwanza kwenye ibada hiyo, akijikwaa kwenye maneno marefu, wazee wakimtikisia vichwa kumtia moyo.

Jaji, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliamua kwamba msichana atakaa nyumbani mwaka mzima chini ya afisa wa uangalizi, atasoma, atamtembelea yule mzee akikubaliwa. Akimaliza salama, jalada litafungwa kwa lakiri. Itakuwa kana kwamba halikuandikwa.

Mama hakuuliza lolote kuhusu afisa. Aliuliza nani atajua.

Jaji akajibu kwamba hakuna atakayejua kutoka chumba kile.

"Kifungo kina mlango, Mheshimiwa," mama alisema. "Midomo ya watu haina. Naomba arudie."

Nikamwomba jaji arudie, naye akarudia, akimtazama mama badala ya kunitazama mimi. Niliona mabega ya yule mwanamke yakishuka. Nyuma yetu alikuwa ameketi mwandishi mmoja, kijana mwenye miwani na adabu nyingi, wa gazeti lile la bure linalowekwa kwenye visanduku vituoni. Alikuwa akiandika kuhusu watoto na magari ya wizi. Naye alisomewa sharti lake akaitikia.

Tulipotoka, karani aliniwahi mlangoni: yule baba wa Kikongo alikuwa akisubiri chumba cha pili na jaji wake ameshaketi. Nilikwenda. Niliporudi korido ilikuwa tupu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, jambo ambalo katika kazi yetu ni dalili mbaya.

Jumapili ya ibada, baada ya misa, tulikuwa ukumbini na chai na maandazi. Wanjiru, aliyehudumia wazee huko Alexandria, Virginia, na aliyepata habari zote siku moja kabla ya wengine, alinijia na gazeti limekunjwa mara nne.

"Regina, hebu soma hapa."

Nikasoma. Mwandishi alikuwa ametii. Hakukuwa na jina la msichana, wala la shule, wala la mtaa. Kulikuwa na gari linalounguruma, mzee aliyefunikwa koti, na mama msafishaji wa hoteli aliyelia koridoni. Na kwa kuwa jina halisi la mama lisingeweza kuandikwa, gazeti lilisema, tumwite kama alivyoomba aitwe: Mama Eufrasia.

Nilisoma mstari ule tena nikitumaini macho yangu yametafsiri vibaya.

"Hapa kwetu tuko na Mama Eufrasia wangapi?" Wanjiru aliuliza.

"Mmoja," mwenyekiti wa jumuiya alijibu kutoka meza ya sukari. "Jina lenyewe hata padre hujikwaa kulitamka."

"Na wewe si uko kotini?" Wanjiru akanigeukia.

"Nafanya kazi huko."

"Sasa?"

"Sasa chai imepoa."

"Haya. Mtu akinyamaza hivyo, anajua."

Hapo ndipo niliposhtuka mara ya pili, na zaidi. Nilikuwa nimeapa kutosema, nami sikusema. Lakini kwa watu wangu kunyamaza si kutosema. Kama ningekana, ningedanganya; kama ningekubali, ningevunja kiapo; nami kwa kufunga mdomo nilikuwa nimewathibitishia wote. Nilisimama na kikombe mkononi kama mwizi aliyeshikwa na chupa ya maziwa.

Mlango ukafunguliwa wakaingia, mama mbele na bakuli la vitumbua, binti nyuma yake. Kama mnawajua watu wetu mnajua kilichofuata. Hatujui kujifanya hatujasikia. Msiba ukisikika, unakwenda, unashika mkono, unasema pole. Asiyekwenda ndiye mwenye roho mbaya. Wanawake waliinuka mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akamkumbatia na bakuli lake.

"Pole, Mama Eufrasia. Tumesoma."

"Mmesoma nini?"

Gazeti lilikuwa mezani, Eufrasia akalichukua. Yeye ndiye pekee katika ule ukumbi aliyesoma Kiingereza haraka kuliko aibu. Nilimwona akifika kwenye ule mstari. Akamgeukia mama yake na kumuuliza nani alimpa yule mwandishi jina lake yeye, Eufrasia.

"Aliniambia nisimpe jina langu la kwenye karatasi," mama alisema. "Sikumpa."

Alisema kweli, na hakuelewa kwa nini binti yake alikuwa anaweka gazeti chini polepole vile, kama kitu kinachoweza kumwagika. Kisha akaelewa. Vitumbua havikuanguka. Alivishika barabara, akavipeleka mezani, akavipanga, akafunika na kitambaa, na alipomaliza hakuwa na la kufanya tena kwa mikono yake. Hapo akakaa.

Hebu fikirini. Sheria ilikuwa imemficha mtoto yule kwa jiji zima. Wamarekani walisoma jina la kigeni wakafungua ukurasa unaofuata. Hata shuleni hakuna aliyetambua, kwani huko aliitwa Fay. Waliojua ni watu wale wa ukumbini tu. Na kati ya watu wote wa Washington, ni hao tu ambao mama alikuwa amemwomba jaji amkinge nao.

Wakili wa msichana alipopata habari alimwarifu jaji, nasi sote tukaitwa tena. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimpigia Clarence kumuuliza nifanye nini. Akasema ukalimani una ruhusa moja ndogo: unaweza kuomba kufafanua desturi, ukafafanua kwa maneno machache, ukarudi mahali pako. "Lakini usiwatetee, dada," alisema. "Ukianza kutetea, watakuwa hawana mkalimani."

Mwandishi alisimama wa kwanza. Alikuwa amevaa tai. Alisema alimwomba mama koridoni, kwa ishara na Kiingereza chepesi, binti akiwa bado ndani na wakili, amchagulie jina lisilo kwenye hati yoyote, naye akamchagulia. Alionekana mtu aliyefanya kila kitu sawasawa.

Jaji akamwuliza mama kama alimpa mwandishi jina la binti yake.

"Hapana," mama alijibu. "Nilimpa langu."

"Jina lako ni Apolonia."

"Hilo ni la pasipoti."

Jaji alifungua jalada, akalifunga. Nikaomba ruhusa yangu ndogo. Nikasema kwamba kwetu mwanamke akizaa huacha kuitwa jina lake. Huitwa mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wengi hawamjui kwa jina jingine. Maneno machache, nikarudi mahali pangu.

Sijawahi kuona rangi ikimpotea mtu usoni kama ilivyompotea yule kijana. Alivua miwani, akaangalia sakafu, akasema kwa sauti ambayo nilitakiwa kumfikishia mama na ambayo ilinipa shida kuiiga, "Nimeliandika. Nimeliandika lenyewe."

Jaji alitaka kujua kama ni kila mwanamke katika jumuiya ile anayetembea na jina la mtoto wake.

"Sisi tuliobahatika, Mheshimiwa," mama alisema.

Jaji hakumfukuza mwandishi moja kwa moja. Alimwambia asirudi mwaka ule, naye akashukuru. Kisha jaji akaanza kurekebisha alichoweza. Alikuwa mwanamke mwema, nataka mlikumbuke hilo mnaposoma kinachofuata. Alisema sharti la kumlinda mtoto bado linasimama. Alisema maadamu jina lile linamtambulisha mtoto, basi mpaka jalada lifungwe kwa lakiri, mama asijitambulishe kwa jina hilo hadharani wala asiruhusu watu wamwite hivyo.

Nilisikia sentensi ile kwa Kiingereza, ikaingia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi haikutoka. Karani alinitazama. Jaji alisubiri. Nikainama kwenye sikio la yule mwanamke, nikasema, maana ndivyo tunavyosema, "Nakuagiza usiitwe tena Mama Eufrasia."

Akanigeukia na kunitazama kana kwamba amri ni yangu.

"Hotelini naitwa Polly," alisema hatimaye, akimwelekea jaji. "Mtu akiniita Apolonia nageuka kumtafuta bibi yangu niliyerithi jina lake, naye ni marehemu. Hili nililipata siku niliyomshika huyu. Mkiliondoa, Mheshimiwa, nitakuwa nani? Na yeye atakuwa wa nani?"

Nilimfikishia jaji, neno kwa neno. Wakili alianza kuinuka, na hapo Eufrasia akamvuta mkono wa koti, akainuka yeye. Alizungumza Kiingereza, haraka, akiangalia meza. Nikawa nanong'ona nyuma yake nusu sentensi, na hivi ndivyo mama yake alivyomsikia:

"Mwachieni jina lake. Wanaonijua kwa jina hilo wameshajua, na wasionijua hawalijui. Mimi ndiye niliyeendesha. Mama yangu akiacha kuitwa hivyo, kila Jumapili watu watakumbuka ni kwa nini. Nitakuwa nimemgonga na yeye."

Jaji alimuuliza kama anaelewa kwamba ulinzi ule ni wake, na kwamba akiuachia hauwezi kurudishwa. Akasema anaelewa. Jaji akamuuliza kama kuna mtu aliyemwambia aseme hivyo. Akasema hakuna. Jaji akaandika kwa muda mrefu, kalamu ikisikika, kisha akaifuta amri yake. Mengine yote yalibaki: mwaka mmoja, afisa, shule, mzee mwenye nyonga iliyovunjika, ambaye baadaye alimkubali na akawa anamfundisha drafti.

Wenzangu, nilifanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo. Mashine za kumnong'oneza mtu sikioni kutoka mbali zilikuja, vipaza sauti vikaja, Clarence akastaafu. Nimekalimani mambo mazito kuliko hayo. Lakini hakuna siku nyingine niliyotoka chumbani nikiwa sina hakika kama miguu iliyonibeba ni yangu.

Koridoni Mama Eufrasia alinishika mkono. Kanuni yetu mnaijua: hatuzungumzi na wahusika nje ya chumba. Binti alikuwa bado ndani, akisaini karatasi na wakili.

"Yale ya mwisho," aliniambia. "Alisema hivyo, au wewe ulimpambia?"

"Alisema hivyo."

"Hata lile la kunigonga?"

"Hata hilo."

Aliniachia mkono. Akaenda kwenye benchi la ukutani akaketi, mkoba wake pembeni, akiutazama ule mlango. Uliposogea, aliuchukua mkoba akauweka mapajani, ili nafasi ya kando yake iwe wazi.